Siracusa: Jela iliyogeuka bustani

Leo tunajimwaga Italia, lakini Roma na Milan waachie wengine. Sisi tunateremka kusini kabisa, kisiwani Sicilia, kwenye mji wa pwani uitwao Siracusa. Mkongwe ile mbaya! Wagiriki kutoka Korintho waliuanzisha yapata mwaka 734 Kabla ya Kristo (KK).

Ukifika utakimbilia Ortigia, kisiwa kidogo kilichounganishwa na mji kwa madaraja. Kuna chemchemi inaitwa Aretusa, maji matamu yanabubujika hatua chache tu kutoka baharini, na ndani yake yameota mafunjo, yale yale ya kandokando ya Ziwa Victoria. Mtu wa Mwanza hapo hatajiona mgeni sana.

Kanisa kuu la hapo nalo ni bab'kubwa. Uso wake wa mbele ulijengwa karne ya 18, kwa sababu tetemeko la mwaka 1693 liliuangusha ule wa kwanza. Sasa ingia ndani. Utakuta nguzo nene za mawe zimesimama kwenye kuta, na hizo si za kanisa hata kidogo. Ni za hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, la karne ya 5 KK. Wakristo waliziba nafasi za katikati ya nguzo, kanisa likapatikana. Waarabu walipouteka mji mwaka 878 likawa msikiti, Wanormani wakaja likarudi kuwa kanisa. Dini tatu, nguzo zile zile.

Ila hebu jiulize, mji wa mawe namna hii, mawe yalichimbwa wapi? Hapo ndipo uhondo unapogeuka majonzi.

Mjini humo kuna machimbo makubwa, wenyeji wanayaita latomie. Mwaka 415 KK Athens, wababe wa bahari wa enzi hizo, walituma meli za kivita kuja kuiteka Siracusa. Walijiona wao ndio wao. Mwaka 413 KK wakabamizwa majini na nchi kavu, na mateka wasiopungua 7,000 wakatumbukizwa machimboni. Thucydides, mwanahistoria aliyeishi wakati huo huo, anasema mchana jua liliwachoma, usiku baridi, maiti zikirundikana pale pale walipo wazima. Kila mtu alipewa kama robo lita ya maji kwa siku na nafaka isiyozidi nusu lita. Baada ya siku 70 wengine waliuzwa utumwani, lakini Waathene wenyewe waliachwa mle mle. Miezi minane, jamani!

Sasa sikia kituko. Plutarch, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kuwa watu wa Sicilia walikuwa wamechizika na tamthilia za Euripides, Mwathene huyo huyo. Basi baadhi ya mateka waliofanywa watumwa waliachiwa huru kwa kuwafundisha mabwana zao mistari waliyoikumbuka. Wengine waliotangatanga baada ya vita walipata chakula na maji kwa kuimba. Wewe leo ukiambiwa ujiokoe kwa mashairi, unayo mangapi kichwani?

Siku hizi machimbo hayo yameota michungwa na milimau. Moja lina pango liitwalo Sikio la Dionysius, kama mita 23 kwenda juu, linalokuza sauti ajabu. Hadithi ya mtaani ni kwamba mtawala Dionysius aliwafungia humo wafungwa apate kusikiliza siri zao. Watalii wanakwenda kupiga miluzi. Mimi, nikikumbuka wale wa robo lita ya maji, miluzi inanishinda. Jirani tu kuna ukumbi wa maonyesho wa Wagiriki uliochongwa kwenye mwamba, na tangu 1914 tamthilia za kale zimekuwa zikirudi jukwaani hapo, za Euripides zikiwemo.

Siwezi kufunga bila kumtaja mzee Archimedes, yule aliyekutoa jasho kwenye fizikia. Ni mtoto wa mji huu. Mitambo yake iliwasumbua Warumi sana walipouzingira mji, na ulipoanguka mwaka 212 KK askari mmoja akamuua, ingawa jenerali wao, Marcellus, alitaka aachwe hai. Mwaka 75 KK Cicero alilikuta kaburi lake limemezwa na miiba. Wenyeji hata hawakujua kama lipo. Likapotea tena. Kwa hiyo ukioneshwa pale mjini "kaburi la Archimedes", piga picha yako uondoke: lile ni la Kirumi, na yeye hakuzikwa humo.

Haya, tukutane wiki ijayo!