Acheni Kuniomba Programu ya Taka

Jamani, nimechoka. Hakuna mwezi unaopita bila mtu kuniletea wazo lile lile: "Wewe mtu wa kompyuta, tutengenezee programu ya simu ya kumaliza plastiki Eastlands." Leo najibu hadharani: sitengenezi.

Kwanza, ufundi tunao. Nzambi Matee wa Gjenge Makers, hapa hapa Nairobi, ameonyesha njia: plastiki inayeyushwa, inachanganywa na mchanga, inakandamizwa, inatoka kabro ya kupanga uani. Plastiki inashika nafasi ya saruji. Mwaka 2020 UNEP ilimtunuku kwa kazi hiyo. Mbona basi jaa la Dandora, lililotangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, bado linapokea malori?

Kwa sababu plastiki si moja. Ya mtungi wa mafuta ya kupikia huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Ya gunia la sukari karibu 160. Ya chupa ya soda karibu 250. Zichanganye uone: moto wa kuyeyusha chupa unaziunguza zile nyingine. Pakiti ya krispi nayo ina utando wa alumini ulioshikana na plastiki. Ongeza maganda ya ndizi na nepi. Sisi waandika programu tunaijua kanuni hii: ukiingiza uchafu, utapata uchafu.

Mimi nilitenga taka zangu Umoja kwa miezi mitatu, mifuko miwili kila wiki. Siku moja nikamfuata mbebaji hadi kwenye lori. Yote miwili, shimo moja! Nikamuuliza. Akanijibu, "Ndugu yangu, mimi nalipwa kubeba, silipwi kutenga."

Hana kosa. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka zinazooza zitengwe na zisizooza, na inamtaka mwenye kiwanda awajibikie taka ya bidhaa yake. Lakini anayetenga ni mama aliyeinama Dandora bila glavu, akilipwa kwa kilo. Pakiti ya krispi anaiacha, maana haina mnunuzi. Aliyeitengeneza na alipie kuokotwa kwake!

Kwa hivyo, wapangaji wenzangu, tuwabane wenye malori kwanza. Siku lori litakapoingia mtaani likiwa na sehemu mbili, na mbebaji akilipwa kutenga, nipigieni simu. Programu hiyo nitaiandika usiku mmoja, tena bure.