Si Kila Picha ya Tajiri Ni Sifa

Mwandishi wa makala iliyochapishwa majuzi amehukumu, kwa yakini isiyoacha nafasi ya rufaa, kwamba mpiga picha aingiaye katika majumba ya wakwasi hatoki humo ila akiwa mtumwa wa kuwasifu, na kwamba heshima ya kamera imo katika kuwapiga picha mafakiri peke yao. Sikubaliani naye hata kidogo. Mpiga picha Bill Brandt, mzaliwa wa Hamburg mwenye jamaa matajiri mjini London, alitoa mwaka 1936 kitabu chake *The English at Home*, na humo, pamoja na watu wa fahari kwenye mashindano ya farasi ya Ascot na familia ya mchimba makaa, akatia picha ya watumishi wawili wa kike waliosimama kando ya meza iliyokwisha kuandaliwa, mkubwa kakaza uso kama kadhi, mdogo macho yamempotea, na wenye nyumba hawamo kabisa; lakini nani, baada ya kuitazama, atadai kwamba hakuwaona? Picha hiyo haipatikani kwa kuchungulia dirishani: humlazimu mpigaji aketi karamuni na azijue ada za tabaka lile. Ni kweli kwamba Brandt aliwapanga jamaa zake wamwigizie baadhi ya picha, nami hilo silitetei. Ajabu ni kwamba mwenzangu, ambaye hoja hiyo ingalimfaa, hakuigusa. Basi na atuonyeshe ni sifa gani aisomayo katika uso wa yule mtumishi mkubwa.