Je, Yafaa Kumpa Mtoto Mdogo Sungura?

Likizo ya shule ikifika, wakulima wengi wa skimu hupata wageni wadogo kutoka Nairobi. Watoto wa Kayole, Umoja na Dandora huja kwa babu na nyanya yao huko Kinangop au Ol Kalou, na mara hukimbilia banda la sungura. Siku ya kurudi mtoto hulia apewe mmoja, na nyanya kwa huruma humtia sungura katika boksi, boksi likapakiwa kwenye matatu. Ndugu mkulima, usikubali jambo hili ikiwa mtoto hajatimiza hata miaka saba.

Twajua ya kuwa sungura ni mpole, lakini upole wake hudanganya. Yeye huwindwa na kila mnyama alaye nyama, kwa hiyo akiinuliwa juu hudhani amekamatwa. Hapo hupiga mateke kwa nguvu, na kwa kuwa mifupa yake ni myepesi aweza kujivunja uti wa mgongo, au kumkwaruza mtoto usoni. Mtoto wa miaka mitatu hajui kumkumbatia kifuani huku akitegemeza miguu ya nyuma. Humshika masikio, nayo masikio si mpini.

Tena fikiri mahali anakopelekwa. Katika ghorofa za Kayole jamaa nyingi hukaa chumba kimoja au viwili, na sungura huwekwa barazani juani, naye joto humwumiza kuliko baridi. Hulishwa majani ya kabichi ya sokoni, hali tumbo lake lahitaji nyasi kila siku. Bila nyasi huharisha, na meno yake, ambayo hayaachi kukua, huwa marefu mno. Akishikwa na ukurutu, watoto nao waweza kuwashwa. Na sungura aliyetunzwa vizuri huishi miaka minane au zaidi. Nani atakayefagia mavi muda huo wote? Ni mama mtu, arudiye jioni kutoka kazini amechoka. Basi zawadi hiyo umempa yeye, wala hakuiomba.

Kwa mtoto wa miaka kumi mambo ni mengine. Vyama vya 4-K, vilivyoanzishwa Kenya mwaka wa 1962 na kufufuliwa mwaka wa 2021, ni vya watoto wa umri huo wa shule. Huyo aweza kukata nyasi, kuosha chombo cha maji, na kuandika siku jike alipopandwa, kwani huzaa baada ya siku 31 hivi. Hata akikaa Kaloleni, kwenye nyumba za zamani zenye uwanja kidogo, aweza kufuga majike wawili, mzazi akisimamia.

Yule mdogo na awe na sungura wake papo hapo shambani, ampapase akiwa ameketi chini. Lakini kuna jambo litialo uchungu: mtoto humpa sungura jina mwezi wa Agosti, na Desemba humkuta sahanini. Ikiwa wafuga kwa ajili ya nyama, mwambie wazi tangu siku ya kwanza. Mwonyeshe yule mmoja asiyechinjwa, nawe utimize neno lako, hata mnunuzi akija na bei nzuri.