ABS ni sawa, lakini umeangalia tairi?

Ukienda kununua gari hapa Kisumu, iwe Probox ya mzigo au Vitz ya teksi, muuzaji atakuambia haraka, "Hii iko na ABS." Sawa. Lakini uliinama ukaangalia tairi?

Tuelewane kwanza. ABS haiongezi nguvu ya breki. Kila gurudumu lina sensa inayopima linavyozunguka. Ukikanyaga breki ghafla na gurudumu likitaka kukwama, mfumo unaachilia na kubana tena mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo maana pedali hutetemeka. Faida yake ni kwamba usukani bado unakutii, unaweza kumkwepa mtu wa bodaboda. Lakini mshiko wote unatoka kwa tairi. Kama tairi ni kipara na lami imelowa, ABS haina cha kushika.

Sasa kuna mtego. Magari yetu mengi yametumika Japani, na kule kwenye theluji watu hufunga tairi za baridi. Mengine hufika Mombasa nazo, kisha huku kwetu. Utazipenda kwa macho, maana zina meno mengi. Shida ni kwamba mpira wake ni laini, umetengenezewa baridi kali. Kwa jua letu la saa nane unalegea na kuisha mbio, na mvua ya jioni ikimwagika, gari linahitaji mita zaidi kusimama. Soma ubavuni. Ukiona STUDLESS, hiyo ni tairi ya theluji. Mwambie muuzaji abadilishe au apunguze bei.

Hata kwenye theluji yenyewe ABS ina kikomo. Gurudumu lililokwama hurundika theluji mbele yake, na rundo hilo husaidia kusimamisha gari. ABS hailiachi likwame, kwa hivyo unaweza kwenda mbali zaidi. Murram yetu ina tabia hiyo hiyo. Ukiacha lami, punguza mwendo mapema.

Mita hizo chache si hesabu ya darasani. Agosti 2025, basi la waombolezaji waliotoka mazishini lilipinduka kwenye raundabauti ya Coptic, Mamboleo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wewe ukishuka pale kutoka upande wa Kakamega usiku wa mvua, unataka kila mita uliyo nayo.

Kwa hivyo kagua hivi. Tarakimu nne za mwisho za DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23, 2019. Ndani ya mitaro kuna vinundu vya milimita 1.6; tairi ikiisha hadi hapo, itoe. Usichanganye saizi, maana sensa zitasoma vibaya. Na taa ya ABS ikibaki imewaka kwenye dashibodi, mwone makanika.

Pesa ya rimu na spika ipo? Basi anza na tairi.