Tusiwafanye Watoto Wetu Wakalimani



Ndugu wasomaji, kuna jambo tumelizoea hapa Kisugu mpaka hatulioni tena. Mama aliyefika kutoka Bukavu au Bujumbura anakwenda zahanati, na anayemsemea mbele ya daktari ni binti yake wa miaka 10. Binti amekosa shule siku hiyo. Anaulizwa mambo ya uzazi wa mama yake ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, na likimpita neno moja kuhusu dawa, hakuna mwingine chumbani atakayejua. Sisi tunamsifu kwa akili yake, masha Allah, kumbe tumemtwisha mzigo wa mtu mzima.

Kila anapofika mgeni tunahangaikia shule ya watoto, na ni vizuri. Lakini tunaona kwamba mzazi naye anahitaji darasa la Kiingereza, tena kwa haraka ileile.

Hali ya watoto yenyewe si nyepesi. Shule nyingi za Kampala hufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwisho wa darasa la saba kuna mtihani wa PLE wenye masomo 4, yaani Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Elimu ya Jamii, na yote huulizwa kwa Kiingereza. Basi kijana aliyemaliza la tano kule Goma kwa Kifaransa, anayejua sehemu na asilimia barabara, anarudishwa la tatu au hata la pili kwa sababu hawezi kusoma swali. Anakaa dawati moja na watoto wa miaka minane, naye ndevu zinakaribia kuota. Wengine huona haya wakaacha, halafu mtaani tunasema ni wavivu.

Kisheria mlango uko wazi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi kama anavyopewa raia, na mpango wa UPE ulianza tangu 1997. Kiswahili nacho kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, jambo la kufurahisha kwetu. Ila fomu unayopewa dirishani bado huja kwa Kiingereza, na ripoti ya shule pia. Kuna baba anayetia sahihi ripoti asiyoweza kuisoma, na msomaji wake ni mtoto mwenyewe. Tuulizane kwa haki, ni mtoto gani atakayemsomea baba yake alama mbaya?

Wapo wanaohofu kwamba Kiingereza kitawatoa watoto katika dini na lugha ya nyumbani. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini mtoto anayeiona nyumba nzima inamtegemea kuongea na mwenye nyumba, mwalimu na daktari, huanza kujiona yeye ndiye mkubwa. Hapo ndipo adabu inapopotea, na Kiingereza kinasingiziwa.

Katika sira tunasoma kwamba baada ya Badr, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kusoma na kuandika waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto kumi wa Madina. Na Zaid bin Thabit (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisimamiwe na mtu wa ndani ya jamii, akayajua kwa muda wa nusu mwezi hivi. Hapa Buganda kwenyewe Uislamu uliletwa na wageni, wafanyabiashara waliofika kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Hatuna sababu ya kumwona mgeni kuwa mzigo.

Sasa tutazame tulicho nacho. Madrasa zetu hujaa watoto jioni na mwisho wa wiki, na asubuhi za katikati ya wiki vyumba vingi viko vitupu. Saa tatu mpaka saa tano asubuhi watoto wakubwa wako shule, na akina mama wanaweza kuja na wachanga wao. Mwalimu awe mwanamke, la sivyo wengi hawatakuja, na hilo lisiwe jambo la kubishania. Wanafunzi wa vyuo tunao: IUIU iko Kibuli, KIU iko Kansanga, kote ni karibu. Dada mmoja akitoa saa mbili kwa wiki, na wengine watatu wakafanya hivyo, wiki imejaa.

Masomo yenyewe yaanze na mambo ya maisha. Kusoma karatasi ya dawa, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya chakula. Risiti ya kodi ya nyumba. Ripoti ya shule. Na Kiganda kidogo kiongezwe, maana kwa muuza nyanya wa Kabalagala Kiingereza hakikufikishi mbali.

Hatuanzi kutoka sifuri. Vijana wa Kikongo waliokimbilia hapa walianzisha YARID mwaka 2007, wakianza na mpira kisha madarasa ya Kiingereza, nao walijenga kazi yao Nsambya. Shirika la JRS la Wajesuti nalo limefundisha wakimbizi wa Kampala Kiingereza kwa miaka mingi, bila kuuliza dini ya mtu. Tuwashukuru, na tukajifunze kwao namna ya kupanga darasa. Wala isiwe fahari kwetu kwamba mama wa Kiislamu amepata msaada huo kila mahali isipokuwa msikitini kwake.

Gharama ni chaki, madaftari na nauli ya mwalimu. Kamati za misikiti zinazoweza kupika futari ya watu mia mbili haziwezi kushindwa na hayo. Kama zaka inaweza kuingia humo, masheikh watueleze, maana msafiri aliyekwama yumo katika wale makundi manane.

Na familia inayompeleka mtoto shule muhula huu, bebeni ripoti zake za zamani hata kama ni za Kifaransa. Ombeni apimwe Hisabati kwa tarakimu ubaoni kabla ya kupangiwa darasa, na mtu mzima anayejua lugha aende nanyi.

Wabillahi tawfiq.