Swali la Kwanza si Bei: Kuchagua Sevo za Helikopta ya Mfano kwa Fedha Chache

Mwalimu akitajiwa helikopta ya mfano inayoongozwa kwa redio, mara nyingi hutabasamu na kusema kuwa huo ni mchezo wa watoto wa matajiri, wala hauna nafasi katika shule ya msingi yenye upungufu wa madawati. Mimi sikubaliani naye. Naona kwamba kazi ya kuchagua sevo nne za helikopta ya namna hiyo, kwa fedha zisizotosha, ni miongoni mwa mazoezi mazuri ya Sayansi na Hisabati tunayoweza kuwapa wanafunzi wa madarasa ya juu. Lakini kuna sharti moja: wachague wenyewe, kwa sababu wanazoweza kuzitetea, kabla ya senti moja kutoka mfukoni. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilitenda kinyume chake, nikaona matokeo.

Klabu ya sayansi ninayoisimamia chuoni ilipewa helikopta iliyokwisha kutumika, yenye rafadha kuu ya kipenyo cha sentimita 70 hivi. Ilikuwa nzima, ila sevo zake zote zilikuwa zimeondolewa. Wanachuo walilima bustani ya mchicha, wakauza, wakapata shilingi 120,000. Haba na haba ilikwisha kujaza kibaba. Nilizichukua fedha hizo nikaenda mjini peke yangu, nikamwuliza mwenye duka swali moja tu: “Ipi ni ya bei ndogo?” Nilirudi na sevo nne za meno ya plastiki, kila moja kwa shilingi 8,000. Niliwaeleza wanachuo kwa majivuno kwamba tumetumia shilingi 32,000 na kuokoa 88,000. Walinipigia makofi. Sikuwa nimewafundisha lolote.

Tuanze basi na swali ambalo nilipaswa kuliuliza: sevo ni nini, na hufanya kazi gani?

Sevo ni kisanduku kidogo chenye vitu vinne ndani yake: mota ndogo ya umeme, safu ya gia zinazopunguza mwendo wa mota na kuongeza nguvu yake, kipimo kinachotambua mkono wa sevo umefika pembe gani, na bamba dogo la elektroniki linalolinganisha pembe hiyo na pembe iliyoagizwa. Amri hufika kwa mapigo mafupi ya umeme. Katika sevo za kawaida, pigo la milisekunde 1.5 huamuru mkono ukae katikati. Pigo likikaribia milisekunde 1 mkono huenda upande mmoja, na likikaribia milisekunde 2 huenda upande wa pili. Mapigo hayo hurudiwa mara 50 hivi kwa sekunde. Maadamu pembe iliyopo haijalingana na pembe iliyoagizwa, mota huendelea kusukuma. Kwa hiyo sevo hutii amri, kisha hujikagua kama imetii sawasawa. Mwanafunzi akifahamu jambo hilo moja, amekwisha kupata msingi wa mitambo mingi inayojiongoza.

Sasa tutazame helikopta yenyewe. Dieter Schlüter wa Ujerumani ni miongoni mwa watu wanaokumbukwa zaidi kwa kuiwezesha helikopta ya mfano kuruka kwa kuongozwa kwa redio, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu siku zile mitambo imebadilika sana. Katika helikopta nyingi za mfano za siku hizi, sevo tatu hushika sahani ya kuinamia iliyo chini ya rafadha kuu. Zikiinua sahani kwa pamoja, mabapa ya rafadha huongezewa mwinamo na chombo hupanda. Moja ikiinua kuliko wenzake, sahani hulala upande, na chombo nacho huelekea upande. Sevo ya nne huhudumia rafadha ya mkia. Rafadha kuu ikizunguka upande mmoja, mwili wa chombo hutaka kuzunguka upande wa pili. Rafadha ya mkia ndiyo inayouzuia. Kifaa kiitwacho jairo huhisi mkia unapoanza kuponyoka, nacho huiamuru sevo ya nne irekebishe bila kumngoja mwongozaji.

Tazameni sasa jinsi kazi hizi zinavyotofautiana. Sevo tatu za sahani hazihitaji sana kuwa za haraka kupindukia. Zinahitaji kufanana kabisa, kurudi katikati bila kukosea, na kutovunjika, maana moja ikichelewa au ikikatika sahani yote hupinda. Sevo ya mkia haina mwenzake wa kufanana naye, ila inahitaji haraka kuliko zote. Mimi niliyenunua nne za aina moja kwa sababu ya bei, nilijibu maswali mawili kwa jibu moja.

Mambo matatu yafaa yapimwe, na yote matatu yamo ndani ya uwezo wa darasa.

La kwanza ni nguvu ya kuzungusha, ambayo huandikwa kwa kilogramu-sentimita. Sevo ya 1.8 husemwa kuwa yaweza kuzuia uzito wa kilogramu 1.8 kwenye mkono wa sentimita 1. Mkono ukiwa wa sentimita 2, uzito huwa kilogramu 0.9. Hili ni somo la wenzo, ambalo kwa kawaida tunalifundisha kwa picha ya toroli ubaoni. Waambieni wanafunzi pia kwamba tarakimu hiyo ni ya mwisho wa uwezo, pale mota inaposimama. Mtu mwenye busara hapangi kazi ya kila siku kwenye mwisho wa uwezo. Kwa helikopta ya kimo tulichokuwa nacho, na kwa mtu anayejifunza kuelea tu, sevo za sahani zenye nguvu ya kilogramu-sentimita 2 hivi hutosha.

La pili ni mwendo, unaoandikwa kwa sekunde zinazotumika kuzunguka nyuzi 60. Hapa tarakimu ndogo ndiyo bora, jambo ambalo huwakanganya wanafunzi wengi na kwa hiyo linafaa kufundishwa. Chukueni sevo ya sekunde 0.10 na nyingine ya sekunde 0.05. Tofauti yaonekana si kitu. Lakini rafadha kuu ya chombo kama chetu yaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Wakati sevo ya kwanza inamaliza nyuzi 60, rafadha imezunguka mara 5. Wakati wa ile ya pili, imezunguka mara mbili na nusu. Huo ndio muda ambao mkia huponyoka. Tena, baadhi ya sevo za mkia hupokea mapigo mafupi, ambayo katikati yake ni mikrosekunde 760 badala ya 1,500. Jairo isipopangwa kulingana na sevo kabla ya kuunganishwa, sevo huweza kuharibika siku hiyohiyo.

La tatu ni meno ya gia. Plastiki ni nyepesi na rahisi, lakini jino hukatika chombo kikigonga chini, au hata kikitikiswa kwa nguvu. Chuma huvumilia zaidi, ila huongeza uzito na bei, na kikichakaa hulegea taratibu. Basi msiwafundishe watoto kwamba chuma ni bora daima. Wafundisheni kuuliza: hapa kitu kikivunjika, nini kitafuata?

Kwetu yaliyofuata ni haya. Siku ya kwanza ya kuelea, mkia uliyumba kama mtu aliyelewa. Siku ya pili, jino la sevo moja ya sahani lilikatika chombo kikiwa kimo cha kifua. Sahani ilipinda, helikopta ikalala ubavu na kupiga ardhi. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa tulisimama mbali. Mabapa mawili, mhimili mkuu na mkuku wa mkia vilitugharimu shilingi 61,000. Tulibaki na shilingi 27,000.

Ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya mwanzo. Niliwapa wanachuo orodha ya bei na tarakimu, nikawaacha wabishane. Baada ya vipindi viwili walileta pendekezo: sevo tatu za meno ya chuma, za aina moja, kwa shilingi 15,000 kila moja, na sevo moja ya haraka ya mkia kwa shilingi 70,000. Jumla ni shilingi 115,000. Ingebaki shilingi 5,000. Fedha zetu za kwanza zilikuwa zinatosha! Sasa tulipungukiwa na shilingi 88,000, kiasi kilekile nilichojisifu kuwa nimekiokoa. Mwanachuo mmoja aliyaandika mahesabu hayo ubaoni bila kusema neno. Nimefundishwa mengi na wanafunzi wangu, lakini sijasahau ubao ule. Helikopta ilikaa kabatini hadi msimu wa mchicha uliofuata.

Kwa hiyo sisemi kwamba kila shule inunue helikopta. Nasema kwamba mbinu yenyewe haihitaji helikopta. Mwalimu anaweza kuanza na sevo moja ndogo ya bei nafuu, betri nne za tochi za volti 1.5 zinazotoa volti 6 (akihakikisha kwanza kuwa sevo yenyewe imeruhusiwa volti hizo), na kifaa kidogo cha kujaribia sevo. Wanafunzi wabandike mrija wa soda kwenye mkono wa sevo uwe mshale, na kuchora nyuzi kwenye karatasi ngumu nyuma yake. Wapeleke mshale kushoto, waurudishe katikati, waupeleke kulia, waurudishe tena. Je, umerudi kwenye alama ileile? Kisha watundike chupa ya maji: nusu lita ni nusu kilo, na kila mtoto anaweza kuipima. Mwisho wapewe orodha ya sevo nne au tano pamoja na bajeti isiyotosha, nao wachague kwa makundi na kuandika sababu. Msisahihishe mapema. Kundi litakalogawa fedha sawasawa kwa sevo zote liulizwe na makundi mengine, si na mwalimu.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wapo watakaosema muda hautoshi. Lakini zoezi hili lina wenzo, umeme, desimali, uwiano na uandishi wa hoja. Mwalimu anayejua muhtasari wake ataona kuwa ametumia muda wa masomo hayo, hakuuiba. Wapo pia watakaotaja hatari, nao wana haki. Mduara wa kipenyo cha sentimita 70, kwa kutumia 22/7, una mzingo wa sentimita 220. Ukizunguka mara 50 kwa sekunde, ncha ya bapa hukimbia mita 110 kwa sekunde, karibu kilometa 400 kwa saa. Wapeni wanafunzi wakokotoe wenyewe, nao watajua kwa nini sevo hujaribiwa nyaya za mota kuu zikiwa zimetenganishwa na mabapa yakiwa yamefunguliwa, na kwa nini chombo hakirushwi kamwe katikati ya kundi la watoto. Kabla ya kurusha, ulizeni pia sheria ya anga inasemaje mahali penu.

Ninyi mnaojiandaa kwenda shuleni mtafanya kazi mahali ambapo fedha ni chache. Mtanunua chaki, rangi, mizani na ramani, na kila mara kutakuwa na mtu wa kuwasifu kwa kununua kilicho rahisi. Kabla ya kupokea sifa hiyo, kaeni na wanafunzi wenu na kuuliza kila kitu kitafanya kazi gani, na kikishindwa nini kitaanguka pamoja nacho. Pale ambapo hakuna kitakachoanguka, punguzeni bila haya. Pale ambapo vyote vitaanguka, wekeni fedha zenu hapo.