Mali Bila Daftari

Mwaka 1871 Dakta Livingstone aliingia Ujiji akiwa mgonjwa na fukara, akitumaini kuikuta shehena ya vitambaa na shanga aliyoletewa kwa njia ya misafara itokayo pwani kupitia Tabora. Akakuta msimamizi wake ameiuza yote. Mwenye mali alikuwa mbali, na mwenye funguo hakuulizwa na mtu.

Njia ile leo ina reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, na mji una maji ya Ziwa Victoria, mradi uliozinduliwa mwaka 2021. Lakini reli na mabomba havitunzwi kwa hotuba. Vinahitaji boliti, beringi, koki na pampu za akiba. Hapo ndipo mlanguzi anapovizia. Kipuri kidogo husahauliwa mpaka mtambo usimame. Kisha inatangazwa dharura, na dharura hununuliwa kwa bei aitakayo muuzaji.

Tangu mwaka 2023 taasisi za umma zimetakiwa kununua kwa mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mpango wa mwaka huingizwa mapema, zabuni hutangazwa hadharani, na kila hatua huacha alama. Wapo wanaonung'unika kwamba mfumo huu unachelewesha kazi. Mwalimu Mkuu wa kijiji kisicho na mtandao imara analalamika kwa haki, na ni wajibu wa halmashauri kumsaidia. Lakini ofisa wa mjini, aliyezoea kupokea bei tatu za "ushindani" zilizoandikwa kwa mkono mmoja, halilii ucheleweshaji. Analilia mrija wake uliokatwa.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, tusijidanganye. Kompyuta haiingii bohari kuhesabu koki. Mtunza bohari asiyeandika kilichotoka, na fundi asiyetaja pampu inayochakaa, wote wawili wanaulisha mfumo uongo. Nao utaununua uongo huo kwa uwazi kamili. Dawa imo mikononi mwetu: leja iandikwe kila siku, kila mtambo uwe na kumbukumbu ya matengenezo yake, na kila dharura ijibiwe swali moja: ni nani aliyepaswa kuiona mapema?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Livingstone alipoteza mali aliyoletewa yeye. Inayopotea katika bohari zetu ni mali ya umma, na mtumishi anayeiona ikipotea akanyamaza ni mshiriki wa wizi huo.